Uso wa Mama Zumbe

Habari za kifo cha Fundi Salehe zilinikuta darasani, nikiandika ubaoni. Mpwa wake alinipigia simu akasema kwa ufupi kwamba mzee amefariki alfajiri na atazikwa Muheza baada ya adhuhuri. Niliweka chaki chini, nikawaambia wanafunzi waendelee kunakili, nikatoka nje na kusimama kwenye baraza ya ofisi, nikitazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni na kuzifunika kabichi za shamba la shule, tuta moja baada ya jingine. Sikulia. Kitu cha kwanza nilichokihisi, na ninaandika hivi kwa aibu, kilikuwa nafuu. Nilidhani mtu pekee aliyejua nilichokifanya mwaka ule ameondoka, na kwamba sasa ningeweza kuzeeka bila kuogopa kukutana na macho yake sokoni. Nafuu hiyo haikudumu hata muda wa kuvuka uwanja. Nilipofika kwenye geti la shule nilisimamisha gari la kwanza lililokuwa likiteremka.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nikijifunza kazi kwa Fundi Salehe hapa Lushoto mjini. Wakati huo mabango hayakuchapwa na mashine. Kila duka, kila mgahawa, kila kinyozi aliyetaka kujulikana alikuja kwake. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha moja kubwa lililotazama njia ya sokoni, na sakafu yake ilikuwa imejaa matone ya rangi ya miaka mingi hata saruji haikuonekana tena. Chumba kilinuka tina ya kuyeyushia rangi na maharage, kwa sababu mkewe, Mama Zuhura, alipikia kwenye ukumbi wa nyuma na mlango wa kati haukufungwa kamwe. Miezi ya baridi alituletea jiko la mkaa ndani, tukala hapohapo tumelizunguka, magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai, au makande yaliyolala, huku Fundi akitueleza kwa nini herufi fulani imekaa vibaya kwenye ukuta wa mtu fulani. Alikuwa mpole, mwembamba, mwenye kikohozi kidogo cha rangi, na alikuwa na tabia ya kulitazama jambo kwa muda mrefu kabla hajasema neno. Hakuwa amepata kuwa na mwanafunzi kabla yangu. Baada yangu hakupata mwingine.

Mapema mwaka huo Zumbe wetu mzee alikuwa amefariki, na mwanawe akawa anajiandaa kusimikwa mahali pake. Serikali ilikuwa imeondoa utawala wa machifu kabla mimi sijazaliwa, lakini huku milimani jina la Zumbe halikufutika vinywani mwa watu. Ukipata ugomvi wa mpaka wa shamba bado ulipita kwake kwanza, na mbele yake wanaume wazima walivua kofia. Mtoto mkubwa wa Zumbe mpya, Athumani, aliyekuwa na kazi nzuri Tanga, ndiye aliyeongoza kamati ya sherehe. Alikuja karakana siku moja na suti ya kijivu, akakataa kuketi asichafuke, akasema familia inataka picha kubwa ya rangi, ya Zumbe na mkewe pamoja, itakayofunuliwa siku ya kusimikwa na kutundikwa ukumbini daima. Alisema inatakiwa iwe picha ambayo mgeni akiingia tu, ajue ameingia kwa watu wakubwa. Alipoondoka, Fundi alibaki amekaa juu ya debe akitazama mikono yake. Kichwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuchora kilikuwa cha bango la kinyozi. Mama Zuhura alimuuliza kama ataiweza, naye akajibu kwamba hajui, na nikaona anatabasamu.

Zumbe alikaa kuchorwa mara mbili tu. Alikuwa mtu wa shughuli, asiyependa kukaa kimya, na Fundi aliushika uso wake upesi: masikio makubwa, ndevu fupi, jicho moja lililofumba kidogo kuliko jingine. Shida ilikuwa kwa mkewe. Haikuwa heshima mwanamume wa nje akae saa nzima akimkazia macho Mama Zumbe, na yeye mwenyewe alisema hivyo, kwa adabu. Ikaamuliwa niende mimi, kwa kuwa ni msichana, nimchore kwa penseli, nilete karakana, Fundi ahamishie kwenye ubao. Ndivyo kamati ilivyojua. Lakini ilipofika wakati wa rangi, Fundi alitazama michoro yangu, akanikabidhi brashi zake ndogo na kunipa vipande vya plaiwudi vya kujaribia. Ule uso, mwishowe, niliuchora mimi peke yangu, kutoka paji la uso hadi kidevu, na macho, na mikono miwili juu ya mapaja. Siku zile watu watatu tu, Fundi, mkewe na mimi, ndio waliokuwa wakiingia karakana, na nilidhani ni wawili tu waliojua, yeye na mimi.

Nilikwenda kwake asubuhi sita. Alinipokelea kwenye chumba cha pembeni chenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufumwa, dirisha likitazama miti ya mapeasi. Nilimwamkia shikamoo kwa kupiga goti, akaniitikia na kuniuliza habari za nyumbani kwa Kishambaa, kisha akaketi na kunyamaza. Hakuwa mzee sana, lakini kanga ilikuwa imemzidi mabegani kama ya kuazima. Alikunywa chai kwa kulowesha midomo tu. Siku ya pili niliona kwamba akitaka kuinuka hushika kwanza mkono wa kochi na kusubiri. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa maandalizi, mabinti, wakwe, wanawake wa kuchambua mchele, na kupitia ukutani tulisikia wakibishana juu ya sufuria na juu ya nani atashona nguo za akina mama. Siku ya tatu, pengine kwa kutaka kumfurahisha, nilimwambia kwamba mashavu nitayajaza kidogo. Aliweka kikombe chini.

“Usininenepeshe,” akasema. “Nichore ninavyokaa hapa. Wanangu wananitazama kila siku na hawanioni.”

Nilitaka kumuuliza anaumwa nini, nikashindwa. Nilikuwa msichana mdogo katika nyumba ya wakubwa. Nilichoweza ni kuchora, na nilichora kama ambavyo sijawahi kuchora tena maishani. Nilichora mifupa ya mashavu na kivuli chini yake, na ngozi ya shingo, na yale macho yaliyokuwa yakinitazama bila kulalamika na bila kutarajia kitu. Nilipomaliza nilikuwa na furaha, na hilo nalo sitalificha. Nilijua nimefanya kazi ya kweli. Fundi alisimama mbele ya ule ubao asubuhi nzima, mikono nyuma. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hapo nimemzidi, na kwamba watu hawatatushukuru. Alichukua brashi akataka kupitisha rangi nyepesi kidogo kwenye mashavu, kuyainua tu, ili sherehe ipite salama. Nilimshika mkono. Nilimwambia kwamba Mama Zumbe mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, na ilikuwa kweli, lakini sikumshika mkono kwa ajili ya Mama Zumbe. Sikutaka kazi yangu iguswe. Akanitazama, akairudisha brashi kwenye kopo. “Basi, ubaki hivyo,” akasema. Siku iliyofuata aliandika jina lake kwenye kona ya chini, kama alivyofanya kwenye kila bango, kwa sababu kazi ilikuwa yake na karakana ilikuwa yake. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa wivu, kwamba jina langu halimo.

Siku ya kusimikwa ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walikuwepo watu wa Lushoto na vijiji vya jirani, na wengine walipanda kutoka Magoma tangu alfajiri, na mstari wa mbele walikaa walimu na maofisa kutoka Tanga. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, ndefu kama mlango, imefunikwa shuka jeupe. Athumani alisema maneno yake, akavuta shuka. Watu wakaanza kupiga makofi, kisha makofi yakapungua, yakabaki ya watu wachache wa nyuma ambao hawakuwa wameona vizuri, nayo yakakoma. Baadaye vijana walio dirishani walicheka masikio ya Zumbe, na kicheko hicho kikawapa wengine ruhusa ya kunong’ona. Nilikuwa nimesimama karibu na akina mama, nikasikia mmoja akimuuliza mwenzake kama huyu ni Mama Zumbe au ni mamake. Mwingine akasema mbona amekaa kama anayesubiri gari la wagonjwa. Mwalimu mmoja wa Tanga alikuwa akimweleza jirani yake kwa upole kwamba mchoraji hakusomea, ndiyo maana. Mama Zumbe alikuwa ameketi pale mbele, amevalishwa, amepakwa wanja, kitambaa kizito kimezungushwa mabegani kumpa umbo. Aliitazama picha kwa utulivu mkubwa. Nilidhani atanitafuta kwa macho. Hakunitafuta, na mtu mwingine yeyote hakumtazama yeye. Wote walikuwa wakitazama ubao.

Wiki zilizofuata picha ile ilizungumzwa kila mahali. Kwenye mgahawa wa stendi wanaume waliikosoa huku wakimega chapati: ngozi ya simba aliyokalia Zumbe inafanana na ya mbuzi, mkuki umeshikwa kama fimbo ya kuchungia, na kwa nini mwanamke amekaa mbele na mume amesimama nyuma yake kama mlinzi. Sokoni wauza karoti walisema Fundi ana chuki na ile familia, kwamba babu yake aliwahi kunyang’anywa shamba, jambo ambalo mimi sikuwahi kulisikia nyumbani kwake. Sheikh wa msikiti mdogo, mtu mwema, alisema tu kwamba yeye hapendi sura za watu ukutani na hataswali katika chumba kile, lakini maneno yake yalipofika soko la juu yalikuwa yamegeuka laana. Wapo waliokuja kuitazama mara tatu, mara nne. Mwanamke mmoja mzee, msuka vikapu, alisimama mbele yake siku nzima ya gulio, na alipotoka aliniambia mimi, bila kunijua, kwamba hiyo ndiyo sura ya dada yake miezi ile ya mwisho. Ndiye peke yake niliyemsikia akiitazama picha na kumwona mtu. Wengine waliona kosa. Fundi alisikia yote, kwa sababu dirisha lake lilitazama njia. Aliendelea kuchora herufi zake, na mara mojamoja alikohoa.

Athumani alimwita, akamtaka airekebishe. Alisema kwa heshima, kwamba mama yake anyooshwe uso, aongezewe rangi, apewe afya. Fundi alijibu kwamba yuko tayari, ila kwanza mama mwenyewe aombwe ruhusa. Mimi ndiye niliyetumwa. Nilimkuta Mama Zumbe amelala, na kwa mara ya kwanza binti zake walikuwa kimya nyumba nzima. Aliniambia isiguswe. Akaongeza kwamba anajua inawasumbua, na kwamba iwasumbue tu. Wiki hiyohiyo wakampeleka hospitali Tanga, na mwezi uliofuata wakamrudisha kuzikwa.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Kabla ya mazishi picha ilikuwa mbaya. Baada ya mazishi ikawa ndiyo iliyomuua. Sikumwona mtu hata mmoja aliyelianzisha neno hilo. Lilikuwa tu tayari vinywani, kwa wauza mboga, kwenye foleni ya zahanati, kwa watoto waliokuwa wakirudi shule: Fundi alimchora maiti, akamfunika sanda, akamfunua mbele za watu, naye akafuata. Familia ikaita kikao ukumbini. Wazee walikaa kwenye viti, watu wengine chini, na Fundi alipewa kigoda katikati. Mimi nilikaa upande wa wanawake karibu na mlango, mikono ndani ya kanga. Nilikuwa nimekuja nikiwa nimeazimia kusema. Naapa nilikuwa nimeazimia.

Mzee mmoja wa ukoo, ambaye hakuwa mkali, aliuliza swali la haki kabisa. Alisema kwamba Fundi hakuwahi kukaa chumba kimoja na marehemu, aliletewa michoro ya penseli tu, jambo hilo lilijulikana. Je, aliuona wapi uso huu, wakati sisi wa nyumbani hatukuuona? Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusimama. Ningesema maneno machache tu, kwamba nilimwona mimi, kwamba aliniomba, kwamba hakuna uchawi hapa ila mama mgonjwa aliyetaka kuonekana. Nilimtazama Fundi nikingoja anitaje, na nadhani kama angenitaja ningesimama. Hakugeuka hata kidogo upande wangu.

“Ni kazi ya mkono wangu,” akasema. “Jina langu liko pale.”

Nami nikabaki nimekaa. Nilijiambia kwamba ametaka mwenyewe iwe hivyo, kwamba nikisema sasa nitamfanya mwongo mbele ya wazee. Nimejiambia mengi tangu siku ile, na hilo ndilo nililoanza nalo. Wakaamua picha isiondoke na isichomwe, maana waliogopa kuchoma sura ya marehemu; ifutwe, na aliyeichora aifute. Kopo la rangi nyeupe ya ukuta lilikuwa limeshaletwa. Fundi alianza na mandhari, milima na anga, kisha nguo, kisha Zumbe mwenyewe, mkuki, ngozi, masikio. Alipaka kwa uangalifu, mistari iliyonyooka, kama fundi anavyopaka. Alipoufikia uso, Zumbe, ambaye hakuwa amesema neno tangu kikao kianze, aliinua mkono.

“Subiri kidogo,” akasema.

Akainuka, akasogea hadi karibu na ubao, akasimama. Alisimama muda mrefu, mgongo wake kwetu, na nikaona mabega yake yanashuka polepole. Sijui kama siku hiyo ndiyo alimwona mkewe kwa mara ya kwanza, au alikuwa akiaga. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaketi, akajifuta uso kwa kiganja.

“Endelea,” akasema.

Baada ya hapo Fundi hakuletewa tena bango. Waliokuwa na kazi zake ukutani waliita mafundi wengine wa Korogwe wazipake upya, na hata yule kinyozi alikiondoa kile kichwa cha bango lake. Mama Zuhura alipokwenda kuchota maji wanawake walimwachia bomba lote peke yake. Kabla mwaka haujaisha walifunga nyumba wakateremka Muheza, mahali ambapo hawakujulikana. Siku ya kuondoka nilisaidia kufunga mizigo. Fundi alinipa brashi zake ndogo zimefungwa kwenye gazeti, akaniambia nijiunge na chuo cha ualimu, kwamba nina jicho na nisiliache lipotee. Alisema hivyo bila kinyongo chochote, na kama angekuwa na kinyongo ningeweza kupumua. Nilijiunga na chuo. Nikawa mwalimu. Brashi zile sikuzitumia hata mara moja, na baada ya miaka mingi manyoya yaliliwa na wadudu, nikazitupa.

Nilimwona mara moja tu tena. Nilikuwa nimekwenda Muheza kwa semina ya walimu, na nikamkuta kando ya soko ameketi nyuma ya rundo la machungwa, amezeeka kuliko umri wake. Nilimwamkia, akafurahi. Alinimenyea chungwa kwa kisu kidogo na kuuliza kama watoto wanapenda somo la kuchora. Nikamwambia wanapenda. Watu walikuwa wakipita, mkewe alikuwa amesimama hatua tano kutoka hapo akipanga malimao, na mimi nilikula chungwa lile lote nikiwa na maneno mdomoni. Nilimuuliza kama bado anachora. Alitikisa kichwa, akasema mkono umekuwa mzito. Nikaaga. Kwa miaka kumi na minane iliyofuata kila likizo nilipanga kwenda, na kila likizo nikapata sababu.

Nilifika Muheza siku ya mazishi watu wakiwa wameshatoka makaburini. Wanaume walikuwa chini ya turubai wakila wali, na wanawake ndani. Mama Zuhura alikuwa ameketi kwenye mkeka katika chumba cha ndani, amevaa nguo za eda, ameegemea ukuta mtupu. Ukuta wote ulikuwa mtupu, hapakuwa hata na kalenda. Nilipiga goti nikampa pole, akanishika mkono akaniita Rehema kama vile tumeachana jana. Nilisubiri mpaka wanawake wengine walipotoka kwenda kuosha vyombo. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio, asubuhi zile sita, brashi ndogo, namna nilivyomshika mkono, na namna nilivyokaa kimya kikaoni wakati mumewe akiulizwa. Sikulia, niliona sina haki. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuuondoa mkono wake kwangu.

Alisema alijua. Alisema mumewe alimwambia siku ileile ya kikao, wakila, na kwamba kila nilipotajwa baadaye Fundi alisema niachwe nisome, siku moja nitakuja mwenyewe na kumwambia, na hata kama ni yeye peke yake nitakayemwambia, atatosheka. Alisema siku ile ya machungwa, nilipokuwa nimeondoka, mumewe alifunga biashara mapema akarudi nyumbani akalala akiutazama ukuta.

Nikamwomba anisamehe. Akaunyoosha ukingo wa mkeka kwa vidole.

“Maneno haya yalikuwa ya mwenzangu, mwanangu,” akasema. “Sasa ukiniambia mimi, mimi nikamwambie nani?”